Kamba za Usingizi wa Fidelisi

Kama ulinunua kamba ya mbuzi pale sokoni Majengo, miaka ile ya ruksa, mitumba na redio za Kijapani zilipofurika madukani, basi huenda mbuzi wako alifungwa na kazi ya mikono ya Fidelisi. Alikuwa msokota kamba wa mtaa wa Lizaboni, mzaliwa wa kijiji cha Lusewa, mkulima wa tumbaku mpaka ugonjwa wa usubi wa mtoni ulipomla macho yote mawili. Si kwamba aliona ukungu. Hakuona kitu, hata jua la saa sita. Alilia, akachoka kulia, akahamia mjini na mkewe Suzana na binti yao mchanga, akajifunza kusokota katani. Ukimsifu alijibu kwamba amefunga mbuzi wengi kuliko wezi waliofungwa na polisi.

Tatizo lake lilikuwa usingizi. Kwa muda alilala usiku kama watu wengine, kisha usingizi ukaanza kuchelewa, ukachelewa tena, mpaka akawa anakesha akisokota katani na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na mchana anasinzia uji ukiwa bado mdomoni. Baada ya wiki kadhaa mambo yalirudi sawa. Ukishukuru tu, yanaharibika upya. Suzana alimnyunyizia maji ya baraka, akamchemshia majani ya kila mti, akamnyima chai ya jioni. Maskini mama wa watu, alibaki na mume anayepanda kitandani yeye anapokwenda kufagia uwanja.

Majirani nao wana masikio. Mtu aliye macho usiku wa manane bila kazi inayojulikana, kwetu ana jina lake, na jina hilo si la kumwita mtu mbele za watu. Osmund, fundi baiskeli aliyekaa nyumba ya pili, alivumilia miaka mingi. Lakini binti yake mdogo, Hilda, alipoanza kukohoa na kupungua mwili, na dawa za hospitali zikawa za kunywa muda mrefu bila nafuu ya haraka, Osmund aliukumbuka ule wimbo wa usiku. Lisemwalo lipo, wakasema wambea, kama halipo laja. Wazee wa mtaa wakakaa, wakaamua kwa desturi: mahindi yakishaingia ndani, Osmund na Fidelisi waende pamoja kwa mganga, wanyolewe nywele, wanywe dawa, warudi wasafi.

Asiyeijua desturi hiyo atauliza, kama wananyolewa wote wawili, aibu iko wapi? Aibu iko hapa: mshitaki akinyolewa nywele huota na habari ikaisha, lakini mshitakiwa nywele huota na jina likabaki. Fidelisi ndiye aliyeanzisha nyimbo katika jumuiya yake ya kanisa. Nani angeitikia wimbo wa mtu aliyetoka kunyolewa uchawi? Na kukataa kwenda kungekuwa kukiri.

Kilichomtesa zaidi hakumwambia mtu. Alikuwa hajui kama wanamsingizia. Alikulia kijijini akisikia kwamba kuna wachawi wasiojijua, na yeye kweli kulikuwa na kitu ndani yake kilichomwamsha na kumlaza bila kumwomba ruhusa. Alijiogopa, na hofu hiyo ni mbaya kuliko kuogopa simba.

Ndipo binti yao, Ester, akaja likizo ndefu kutoka chuo kikuu. Alikuwa mwaka wa pili wa udaktari, na mhadhiri wake alikuwa amechagua wanafunzi wachache wajifunze utafiti wakati wa likizo. Wenzake walipangiwa malaria na minyoo. Ester alipangiwa usingizi. Alitakiwa kuwafuatilia manesi wa zamu ya usiku hapo mjini, walale lini, waamke lini. Mtaa mzima ulicheka kwamba mtoto wa Suzana amepanda basi siku mbili kuja kutazama watu wanavyokoroma.

Mama yake alimweleza habari ya kunyolewa huku akichambua mboga. Ester akatoka kumfuata baba yake kibarazani.

"Baba, usingizi ukianza kukuchelewea, unachelewa kiasi kile kile kila siku?"

Fidelisi aliacha kusokota. Miaka yote watu walimwuliza amekula nini, amemkosea nani, ameota nini. Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, wala yeye hakuwahi kujiuliza.

Manesi walijaza karatasi. Kwa baba yake karatasi isingefaa kitu, kwa sababu Ester alitaka aujue usingizi wake mwenyewe, si kusimuliwa. Basi akamwambia asokote kamba nyembamba nyingi za urefu mmoja. Kila kamba ni siku moja: juu ni jua linapozama, chini ni linapozama tena. Akaibandua saa ya mezani kioo chake ili mzee aguse mishale. Fidelisi akitaka kulala, anafunga fundo mahali pa saa ile. Akiamka, fundo jingine. Kamba ikikamilika inaning'inizwa kwenye boriti kando ya ile ya jana. Suzana alilalamika kwamba sebule yake imegeuka duka, lakini ndiye aliyemkumbusha mumewe fundo kila alipopiga miayo.

Wiki zikapita. Mahindi yakavunwa, yakaanikwa. Siku moja Ester alimshika baba yake mikono, akaiweka kwenye kamba ya kwanza, akamwambia atembeze vidole pole pole kuelekea kulia.

Fundo la kwanza la kulala lilikuwa juu. La pili chini yake kidogo. La tatu chini kidogo tena, na la nne, na lile lililofuata, kila moja likishuka kwa kiasi kile kile, bila kuruka, mpaka vidole vyake vikafika usawa wa kiuno. Akarudi mwanzo akapapasa tena. Ilikuwa ngazi, safi kuliko ngazi ya seremala yeyote, na aliyeijenga ni yeye, akiwa amelala.

"Kichwani mwa kila mtu kuna saa, Baba," Ester alisema. "Yako haijaharibika. Inakwenda sawasawa kabisa, ila mzunguko wake ni mrefu kidogo kuliko siku. Ya kwangu nayo hivyo hivyo. Lakini mimi kila asubuhi jua linapita machoni na kuirudisha. Kwako halina pa kupita."

"Na ya Osmund?"

"Hata ya Osmund. Mfungie gizani, naye atazunguka kama wewe."

Fidelisi aliketi sakafuni. Alistaajabu mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yasiyoona. Kumbe yule aliyemwogopa miaka yote hakuwa jini wala mchawi. Kilikuwa kitu kidogo kiaminifu kilichoendelea kuhesabu siku gizani peke yake, bila mtu wa kukirekebisha. Na kumbe jua, alilodhani wamekwisha kuagana, lilikuwa na kazi ndani ya vichwa vya watu wote, na watu wenyewe hawana habari. Aliuliza kama kuna dawa. Ester alimwambia ukweli, kwamba wataalamu bado wanatafuta, na yeye hajui.

Kwa wazee wa mtaa maelezo hayakutosha, hivyo Ester akaning'iniza kamba za siku zijazo, tupu, akafunga kitambaa pale ambapo fundo lingeangukia. Mzee Daimu, aliyeongoza kikao kile cha kunyolewa, alikuja kila siku kutazama, na mafundo yakaja yakaishia karibu na vitambaa. Mwishowe Daimu akafumba macho, akapapasa kamba zote toka mwanzo, akasema taratibu kwamba uchawi haufuati mstari. Safari ikaahirishwa. Osmund naye alipapasa, akaondoka bila kuaga.

Ester akarudi chuoni na kamba zilizokamilika begani, akaziacha kwenye boriti zile za siku zijazo. Baada ya siku chache Osmund alibisha hodi jioni.

"Baba Ester, kamba zinasema kwamba usiku huu utakuwa macho?"

"Ndivyo zinavyosema."

"Mimi na mama yake tumechoka, hatujalala. Njoo ukae na Hilda."

Suzana alimshika mumewe mkono mpaka nyumba ya pili, na Fidelisi akaingia na fungu la katani, akaketi kando ya kitanda cha mtoto. Akaanza kusokota kimya kimya. Osmund alikuwa bado hajalala, maana hata mtu aliyeamua kuamini huacha sikio moja wazi. Hilda akakohoa, kisha akageuka.

"Babu, leo huimbi?"

Fidelisi akauliza nyimbo zake amezisikia wapi.

"Ukutani. Nikikohoa nausikiliza ule mrefu mpaka nalala. Kuna siku huimbi, hapo silali."

Upande wa pili wa chumba Osmund alijifunika shuka mpaka kichwani, na Fidelisi akamsikia akilia. Akasafisha koo, akauanza ule mrefu.