Barafu ya Kezia Whitcomb

Kezia Whitcomb alifua nguo za watu hapa Harlow miaka thelathini na mmoja, na mashuka ya nyumba yangu ya wageni aliyachukua kila Jumatatu. Tumemzika juzi. Mchungaji ameniomba niandike habari zake kwa ajili ya wanawake wa kanisa, nieleze alivyokuwa mchapakazi na mpole. Mchapakazi, sawa. Mpole hakuwa. Alikuwa amenyamaza, na aliyemnyamazisha ni mimi.

Kezia alikuwa na daftari. Hilo si ajabu. Miaka ishirini nyuma nusu ya jimbo letu la Massachusetts ilikuwa ikiandika yaliyo moyoni, na marafiki waliazimana madaftari kama wanavyoazimana chachu. Lake aliniazima mimi tu, mara kwa mara.

"Soma, Dorcas, unirudishie. Na usiliweke karibu na mafuta ya nguruwe."

Wakati huo nilikuwa na mpangaji, Bwana Lysander Peck, anayezunguka miji akitoa hotuba. Asubuhi alikula pai yangu ya tufaha huku akilalamika kwamba waandishi wetu wanawasifu ndege wa Uingereza ambao hawajawasikia hata siku moja.

"Nani ataandika mabwawa yetu wenyewe, Bibi Thorne? Mtu auamini moyo wake, asimwige mtu."

"Yupo," nikasema. "Anakufulia soksi."

Akacheka. Mimi sipendi kuchekwa kwenye meza yangu, nikaenda kulileta daftari. Sikumtafutia Kezia sifa, nisijidanganye. Nilitaka nionekane najua kitu.

Bwana Peck alikaa nalo siku nne. Nikamrudishia Kezia bila kumwambia neno.

Mwezi wa tatu Bwana Peck alihutubia ukumbini, watu wamejaa mpaka mlangoni. Mimi na Kezia tulikaa benchi la nyuma. Katikati ya hotuba Bwana Peck akainua mkono, akasema bwawa huguna mwezi wa tatu kama ng'ombe anayekaribia kuzaa, na barafu huchoka kuanzia chini, bila kumwomba mchungaji ruhusa. Makofi yakalia. Mikono ya Kezia, iliyobabuka kwa sabuni, ilibaki mapajani.

"Maneno yale ni yangu," akaninong'oneza. "Ulimpa daftari?"

"Bwawa ni la wote. Na yeye ana masikio."

"Nimekuuliza kama ulimpa, Dorcas."

"Sikumpa."

Hotuba ikachapwa Boston, ikawa kitabu. Kezia akaja jikoni kwangu. Nilimsogezea kiti, hakukaa.

"Sitaki kitu chake. Nataka aseme mbele ya watu maneno yale kayatoa wapi. Akikana, wewe ulilisoma daftari langu kabla hajafika mjini. Simama tu useme hivyo."

"Nani atamsadiki dobi mbele ya mtu wa chuo?"

"Wewe watakusadiki. Hujawahi kumsifu mtu bure."

Nyumba yangu ilikuwa imejaa wageni waliokuja kwa ajili ya Bwana Peck. Nikamwambia mashuka yako pale kikapuni.

Akayabeba. Jumatatu iliyofuata akarudi kama kawaida, akasema, "Habari za asubuhi, Bibi Thorne." Jina la Dorcas hakulitaja tena kwa miaka kumi na tisa, wala sikuliona daftari.

Baridi hii alipougua nilimpelekea mchuzi wa kuku, nikakaa kitandani pake nikamwambia kweli yote.

"Najua," akasema. "Lilirudi likinuka tumbaku. Wewe huvuti."

"Jumapili nitasimama niseme."

"Umechelewa, Bibi Thorne. Watoto wanayakariri shuleni. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu alilifungua daftari, akaniambia, 'Shangazi, kumbe na wewe unanakili kitabu cha Bwana Peck.'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia anisogezee sabuni."

Akageukia ukutani. Mchuzi ulipoa, nikarudi nao nyumbani.

Mchungaji anataka karatasi hii aisome Jumapili. Hatasoma yeye, nitasoma mimi, nimesimama. Maneno ya bwawa ni ya Kezia Whitcomb. Nilimpa Bwana Peck daftari lake bila ruhusa, kisha nikamwongopea Kezia usoni. Wenye kitabu hicho nyumbani waandike jina lake pembeni ya ukurasa, kwa wino. Yeye mwenyewe jambo hili halimfai kitu tena, najua.