Mama mkwe, mimi na joka la kwenye banda la muvi

Wakuu, habari za mchana. Leo sina simu ya kuuza wala swali la sheria. Nina jambo langu, nitalieleza lilivyo. Anayetaka kucheka acheke, ila mjue naandika huku naogopa.

Naishi Utemini, Singida mjini, nashona nguo nyumbani. Mume wangu kazi yake iko Manyoni, tunaonana wikiendi.

Nina mimba ya tatu. Mbili za mwanzo hazikufika. Ile ya pili alikuwa ameshakuwa mtoto kabisa, ana hata kucha.

Kwa hiyo hii ya tatu ilipoanza kuwa kubwa, usingizi ukakata. Nikikaa kwenye cherehani nasimamisha kazi nisikilize tumbo. Nikienda chooni naogopa kuangalia. Waliopitia huko wananielewa.

Nikajipatia dawa yangu.

Watu wa miji mikubwa wanaita self-care, wanaingia sinema na bisi mkononi. Sisi huku tuna banda la Hamisi: mabenchi, mabati na skrini moja kubwa. Mchana kukiwa hakuna mpira, namwomba aniwekee muvi ya zamani niliyoipenda tangu niko shule, imetafsiriwa na DJ anayesimulia juu ya picha. Malkia anakimbia na kichanga mgongoni, joka linamfukuza milimani mpaka avuke daraja. Nimeiangalia hadi DJ akiugua naweza kumshikia kazi.

Mtauliza, mtu mwoga anafuata nini kwenye joka?

Mwisho wake naujua, ndiyo sababu. Pale naogopa kitu ambacho najua kitaisha salama. Nikitoka bandani naweza kula.

Basi mama mkwe akaja kutoka Ilongero kuniangalia. Mama mzuri, hana maneno mengi. Haikupita muda jirani mmoja (Mungu anamwona) akampelekea habari kwamba mkwe wako anashinda kwenye banda la vijana akiangalia mazimwi.

Nyie mnajua wazee wetu. Mjamzito haangalii vitu vya kutisha, mtoto atachukua sura ya vitu hivyo.

Hakunigombeza, wakuu. Aliweka chini ungo wa mtama akaniambia, "Mwanangu, umempeleka mjukuu wangu akaangalie joka?"

Nimesoma mimi, chuo nimemaliza. Ila ukishazika, elimu inakaa pembeni. Nilianza kujiuliza kama wale wawili niliwadhuru kwa kitu nilichoangalia. Nikaacha kwenda bandani.

Hapo ndipo hofu ikanishika vizuri. Chakula hakipiti. Kichwa kinagonga. Halafu asubuhi moja nikaamka mtoto hachezi. Nikalala ubavu, nikanywa maji ya baridi, kimya. Nikamwita mama kwa sauti ambayo sikujua kama ni yangu.

Tulipofika kliniki nesi alihangaika na kile kipimo cha kusikilizia, akakihamisha huku na huku. Wakuu, ile hali ya kumwangalia mtu usoni ukisubiri abadilike, simwombei hata adui.

Mapigo yakasikika. Mtoto yupo. Ila presha yangu ilikuwa juu, na nesi akasema ikiendelea hivyo tutampoteza. Akauliza ni kitu gani huwa kinanituliza.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, amejiinamia. "Huwa anaangalia joka."

Nesi alicheka, kisha akaona hatucheki naye. Akasema basi aangalie.

Nilipewa dawa, tukarudi. Siku chache baadaye mama akajifunga khanga moja, nyingine akaishika mkononi, akasema twende huko kwenu.

Tulivyoingia bandani vijana wote shikamoo, shikamoo, wakatuachia benchi la mbele. Hamisi akapunguza sauti bila kuambiwa. Na kila joka likitokea, mama anatandaza ile khanga juu ya tumbo langu. Likiondoka, anaitoa. Likirudi, anafunika. Alikuwa anamziba mjukuu wake macho.

Nilitaka kucheka. Kuna mahali mwenyewe alikolea akasahau, joka likapiga moto skrini nzima, akashtuka na kurusha khanga. Akanong'ona kwamba mtoto ameliona kidogo tu.

Kisha tukafika pale darajani, malkia anamshusha mtoto mgongoni na mtoto hatikisiki. DJ mwenyewe hapo huwa ananyamaza.

Mama akanishika mkono chini ya khanga.

"Amekufa?"

"Hapana mama, subiri."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mama. Analia sasa hivi."

Akasema taratibu, macho kwenye skrini, "Wale wawili niliwafunga nguo ya kuzikwa mimi. Wewe ulikuwa bado hujaamka."

Sikuwahi kujua. Muda wote nilidhani hii hofu ni yangu peke yangu, na yeye ni mlinzi wa mila tu. Kumbe alikuwa na khanga yake kwa sababu anaogopa kuliko mimi.

Mtoto wa kwenye muvi akalia. Mama akapumua. Akamgeukia Hamisi akamwomba airudishe hapo anapolia, asikie tena.

Tumekuwa tukienda wote tangu siku ile. Presha imeshuka kiasi, lakini sijajifungua, na wala sitawadanganya kwamba hofu imeisha. Nimebakiza wiki chache na leo asubuhi pia nilisubiri sana kabla hajacheza.

Nilichojifunza: ukiogopa, mwulize anayekukataza kitu, na yeye anaogopa nini.

Uzi uko wazi, karibuni kwenye komenti. Ila naomba kitu kimoja. Stori za waliopoteza msiniandikie, nazijua. Mwenye mtoto aliyekuja baada ya wengine kuondoka aniambie anaitwa nani na sasa hivi anafanya nini. Mama yuko hapa pembeni, nitamsomea moja moja.