Mtakasa Vyombo na Tangi la Samaki

Siku zile Mvuke akirudi kazini alikuwa havui hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la kioo lililokuwa juu ya kabati la sebuleni, akachota maji kidogo kwa kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia, akatikisa, akakimbilia dirishani kuitazama rangi. Njano ilikuwa salama. Kijani ilikuwa sumu. Siku kumi na nane mfululizo alipata kijani, na kila alipopata kijani alipima tena, kana kwamba kichupa kingemwonea huruma.

Tangi lenyewe halikuwa na samaki hata mmoja. Lilikuwa na maji, changarawe, mmea mmoja mnyonge, na chujio dogo lililokoroma kutwa kucha. Jirani aliyekuja kuazima nyundo alilitazama akauliza kama siku hizi watu wanafuga maji. Mvuke hakucheka. Binti yake alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, na alikuwa ameshamwambia kwenye simu kwamba samaki wapo.

Jina la Mvuke alilipata hospitali, alikotakasa vyombo kwa miaka kumi na tisa. Mikasi, koleo, sahani za chuma, vyote vilipita mikononi mwake: alivisugua, akavichemsha, akaviingiza kwenye mashine ya mvuke, vikatoka humo bila kijidudu hata kimoja. Madaktari walikuja na kuondoka, lakini hakuna aliyewahi kumrudishia chombo. Tabu ni kwamba kazi hiyo hakuiacha mlangoni pamoja na sare. Nyumbani alichemsha vijiko, akachemsha vitambaa vya jikoni, na mkewe, walipokuwa bado pamoja, alikuwa akisema iko siku atakuta mto wa kulalia uko jikoni unatokota.

Likizo ya mwaka uliopita binti yao, mtoto wa miaka tisa waliyemwita Punje kwa jinsi alivyozaliwa mdogo, alikuja kukaa kwake wiki mbili. Mvuke akanunua tangi lile na samaki wawili wekundu. Punje akawa habanduki pale. Aliwapigia stori za shule, akawapa chakula kidogokidogo kwa ncha za vidole. Mvuke naye alifanya sehemu yake kwa moyo wote: kila jioni aliwahamishia samaki kwenye bakuli, akamwaga maji yote, akasugua kioo, akachemsha changarawe, akachemsha na sponji ya ndani ya chujio mpaka ikawa nyeupe pe. Siku ya tisa wakaamka wakakuta samaki wote wawili wameelea chali.

Mvuke alichungulia ndani ya tangi. Akaona chembe nne tano za chakula zimebaki chini.

"Umewalisha kupita kiasi," akamwambia mtoto. "Ndiyo maana wamekufa. Umewaua mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma lebo. Punje hakulia, wala hakubisha. Jioni ile aliomba apelekwe kwa mama yake, na tangu hapo likizo mbili zilipita bila kurudi. Kila Mvuke alipopiga simu aliambiwa mtoto ana mafua, mtoto ana mtihani, mtoto amelala. Saa kumi na moja jioni mtoto amelala! Mvuke si mjinga, alielewa kwamba anakimbiwa.

Ndipo akapata wazo la samaki wapya. Alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo, kwa mwanamke mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye wateja walimwita Bi Mapezi. Akamwomba samaki wagumu wasiokufa, na dawa kali ya kuua vijidudu.

"Vijidudu gani tena, kaka?"

"Vyote."

Bi Mapezi alivua miwani. Akamwambia aeleze tangi la kwanza alilitunza vipi, na Mvuke akaeleza kwa fahari, hatua kwa hatua, mpaka kwenye sponji nyeupe pe. Yule mama akashika kichwa.

"Kaka yangu, wewe ulikuwa unapika supu! Sikiliza. Samaki anakojoa humohumo anamoishi. Ule uchafu unageuka sumu, inaitwa amonia. Wapo bakteria wanaoila. Wanaigeuza sumu nyingine, naitraiti, halafu wanakuja wenzao wanaila na hiyo, inabaki kitu kisicho na madhara. Hao bakteria ndio nyumba yenyewe. Wanakaa kwenye sponji, kwenye changarawe. Wanataka mwezi, mwezi na nusu kujijenga. Wewe kila jioni ulikuwa unawachemsha."

"Lakini mtoto aliwalisha sana," Mvuke akasema. Sauti ilikuwa imeshapungua.

"Chembe ngapi?"

"Nne. Tano."

"Kaka, wale samaki umewaua wewe."

Mvuke alirudi nyumbani. Alijua la kufanya. Simu ilikuwa mfukoni, na sentensi yenyewe haikuzidi maneno sita. Lakini alijiambia kwamba mambo ya namna hiyo hayasemwi kwenye simu, na kwamba mtoto akiwaona samaki wapya wanaogelea, ya zamani yatajifuta yenyewe. Ni ujanja wa watu wazima huo, na wengi wetu tunaujua vizuri. Alipiga simu, akapiga chuku kidogo, akasema samaki wapo, wazuri, njoo uwaone. Punje akasema sawa, ila atakaa siku moja tu.

Basi ikaanza kazi ya kusubiri, kazi ambayo Mvuke hakuwahi kufundishwa. Bi Mapezi alimpa chupa ya amonia ya kudondoshea kidogokidogo, ili bakteria wapate cha kula, na dawa za kupimia. Akamkataza kugusa kitu kingine chochote. Mvuke hakutulia hata dakika kumi. Alikuwa kiguu na njia kati ya kiti na tangi. Kazini sista msimamizi wa zamu alimkuta akiandika vipimo kwenye karatasi ya kuorodheshea mikasi, akamuuliza kama yuko salama.

Wiki ya tatu kijani kilianza kufifia. Mvuke aliimba bafuni. Lakini siku hiyohiyo aliona sponji imeota ute wa kahawia, unaoteleza, wenye harufu ya udongo. Mikono ikaanza kumwasha. Alijua ute ule ni nini, alikuwa ameelezwa mara mbili na kuandikiwa mara moja. Alitoka nje akazunguka nyumba. Akarudi. Akafagia chumba ambacho hakikuhitaji kufagiwa. Kesho yake asubuhi, akiwahi kazini, akili iko kwenye basi, mikono ilijifanyia yenyewe ilichozoea: alishtuka sponji iko kwenye maji ya dawa ya kuua vijidudu, nyeupe, na yeye anaikamua.

Alikaa kwenye ukingo wa beseni akajitukana matusi yote aliyoyajua.

Jioni kijani kilikuwa kimerudi. Zilibaki siku kumi na moja mtoto aje. Akaanza upya, safari hii na sponji chakavu aliyopewa na Bi Mapezi kutoka kwenye tangi lake mwenyewe, nyeusi tititi, na Mvuke alilifunika chujio kwa taulo ili asiione. Ilisaidia. Siku moja kabla ya mtoto kuja, amonia ilikuwa njano kabisa. Lakini kipimo cha naitraiti, ile sumu ya pili, kikatoka zambarau iliyokolea, rangi ya hatari.

Akakimbia dukani. "Nipe wawili tu. Wekundu."

"Maji yanasemaje?"

Akamwonyesha kichupa. Bi Mapezi alikitazama, akamtazama na yeye.

"Siwezi kukuzuia, duka langu si la pekee hapa mjini. Nikikufungia hawa wawili, kesho wataogelea vizuri, atafurahi. Keshokutwa watahema juujuu. Huyo mtoto ameshaona samaki wakifa mara moja, si ndiyo?"

Mvuke alisimama mbele ya samaki wekundu mpaka wateja wawili wakahudumiwa. Kisha akaaga.

Kesho yake saa sita mchana mama yake Punje alimshusha mtoto mlangoni, akamsalimu Mvuke kwa kumpungia tu, akaondoka. Punje alikuwa amerefuka. Aliingia sebuleni, akaliona tangi, akasimama mbali nalo hatua tatu, mikono ameificha nyuma ya mgongo.

"Sogea uone vizuri, mama."

"Hapana. Sitagusa."

"Nani amesema usiguse?"

"Hapa naona vizuri." Akatazama kwa muda. "Baba, samaki wako wapi?"

Ulimi wa Mvuke ulikuwa tayari kusema wamejificha nyuma ya mmea. Aliumeza uongo ule kwa shida. Akachuchumaa, macho yakalingana na ya mtoto.

"Hawapo. Nilikudanganya. Maji bado ni sumu, ningewaweka wangekufa." Akavuta pumzi. "Na wale wa mwanzo si wewe uliyewaua. Ni mimi. Nilikuwa nachemsha kila kitu, nikaharibu maji yao. Chakula chako hakikuwa na shida yoyote."

"Si mimi?"

"Si wewe."

"Umejua lini?"

Swali hilo Mvuke hakulitegemea. "Mwezi uliopita."

Mtoto alianza kuhema haraka. Mikono ikatoka nyuma ya mgongo, imekunjwa ngumi.

"Jirani yetu alinipa paka mdogo," alisema. "Wa kwangu kabisa. Nikamrudisha. Nilimwambia mama siwezi kufuga, mimi naua wanyama. Alikuwa na doa hapa." Akagusa paji la uso wake, na hapo ndipo machozi yakaja, ya hasira. "Wamempa mtu mwingine!"

Mvuke alisema nisamehe. Alilisema mara ya pili, na lilimtoka dogo kuliko alivyotaka. Akakaa sakafuni. Punje alijifuta uso kwa kiwiko.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mwambie yote. Na mimi nisikie."

Mvuke alitoa simu. Ililia mara mbili, mama yake Punje akaitika akiuliza kuna nini, na Mvuke akaanza tangu mwanzo, tangu sponji ya kwanza, mtoto amesimama mbele yake anamtazama mdomoni asiruke hata neno moja.