Nyama Kwanza, Paa Baadaye

Msumari wa mabati ulioota kutu una harufu yake. Ukiushika kwa muda katika kiganja chenye jasho, harufu hiyo huingia kwenye ngozi, na hata ukinawa kwa sabuni bado utaisikia unapopeleka tonge mdomoni. Inafanana na harufu ya damu ya pua. Mimi niliijua nikiwa darasa la tatu, katika kiangazi kimoja pale Kitale, nilipokuwa nikiokota misumari kwenye nyasi na kuinyoosha juu ya jiwe. Ilikuwa miaka michache baada ya shule za msingi kufanywa za bure. Hadi leo nikipita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, tumbo langu hukumbuka kabla ya kichwa.

Nilikuwa nikiishi na shangazi Nafula, dada ya baba yangu. Mama alikuwa amelazwa kwa muda mrefu katika hospitali ya misheni kule Lugulu, na baba alishinda kwenye mashamba ya miwa, kwa hiyo nilipelekwa kwa shangazi, aliyekuwa na kipande cha shamba nje kidogo ya mji. Aliishi pale na Chemutai, mwanamke mrefu kutoka miteremko ya Mlima Elgon, aliyecheka kwa sauti ya chini kama mtu anayeficha kikohozi. Shamba walilinunua pamoja, na kuta za udongo walizikandika kwa mikono yao minne. Asubuhi za Kitale ni za baridi ya kung'ata masikio. Chemutai aliwasha moto, shangazi akakamua ng'ombe, nami nikapewa kikombe cha kwanza cha maziwa kabla ya kwenda shule. Jioni walikaa kizingitini wakipukuchua mahindi, magoti yao yakigusana, wakizozana kama mboga imezidi chumvi au haijazidi. Walikuwa wakipendana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Majina waliyoitwa na watu barabarani sitayaandika. Ninachojua ni kwamba katika nyumba ile sikuwahi kulala na njaa, na hakuna aliyenicheka kwa kuongea kidogo.

Jumamosi moja mchana, jua likiwa utosini, alikuja Wekesa. Alikuwa mtoto wa baba mkubwa, kijana wa kama miaka ishirini, na siku ile alikuja na wenzake wakiwa na nyundo na mtaimbo. Alisimama uani akapaza sauti ili majirani wasikie: "Tumekuja kuokoa mtoto!" Mtoto mwenyewe alikuwa mimi, nikiwa nimeshika kitabu cha hesabu. Hakuna aliyeniuliza ninaokolewa kutoka kwa nini. Walipanda juu ya nyumba wakaanza kung'oa mabati, na kila msumari ulipotoka ulilia kama kifaranga anayekanyagwa. Kijana mmoja akachungulia chini akasema, "Leo mtalala mkihesabu nyota, madam!" Mwingine akaongeza, "Ama bwana wa nyumba atoke atushushe, si ako?" Wakacheka. Majirani nao wakacheka, wengine kwa kutaka, wengine kwa kuogopa kuonekana hawacheki. Jua likaingia ndani likaangukia kitanda, vikombe na nguo zilizotundikwa, na nyumba ikawa kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kuta hawakuzigusa, wala ng'ombe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Waliyatupa mabati kwenye shamba la mahindi makavu wakaenda zao wakiimba.

Ili mtu aelewe ubaya wa jambo lile, lazima ajue kwamba kwetu mwanamke hapandi juu ya paa. Ni mwiko wa zamani. Anayeuvunja huambiwa anamwita mauti kwa jina. Kwa hiyo Wekesa na wenzake hawakuhitaji kuchoma nyumba. Walijua kuwa paa likishashuka, wanawake wawili hawataweza kulipandisha, na mvua za kupanda zilikuwa karibu. Shangazi alikwenda kwa fundi mmoja, akakwenda kwa mwingine. Wote walikuwa na udhuru. Mmoja alimwambia wazi, "Nafula, nikionekana juu ya hiyo nyumba yenu, bibi yangu ataniuliza nilikuwa natafuta nini."

Tukaenda kituo cha polisi, wao wawili na mimi. Askari aliyekuwa mezani alisikiliza huku akichokonoa meno, kisha akauliza, "Kwani nyumba yenu iko na vitanda vingapi?" Wenzake wakainua vichwa. Chemutai akajibu, "Tumekuja kwa sababu ya mabati, afande, si vitanda." Yule askari akatabasamu. "Nikifungua hiyo kesi ya mabati, mama, ile ingine ya vitanda pia itafunguka. Sasa mniambie, nifungue?" Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani Chemutai alitaka warudi, liwe liwalo, Wekesa afungwe. Shangazi akatikisa kichwa. "Akifungwa, mabati yatapanda yenyewe? Waliotoa ndio warudishe. Basi. Mbele ya watu wale wale waliocheka."

Hilo ndilo alilokwenda kuwaambia wazee wa ukoo kule Kabuchai, alikozaliwa. Wazee walikuwa wametuma neno kwamba damu haiwezi kuachwa ichache, waje wapatanishwe. Tulifika asubuhi, hewa ikinuka miwa iliyokatwa, na nje ya nyumba ya nyanya, mama yake shangazi, kondoo alikuwa amefungwa tayari. Viti vilipangwa kwa duara. Shangazi alipewa kiti, Wekesa akapewa kiti. Chemutai hakupewa. Mzee aliyeongoza kikao alisema kwa upole kabisa, "Huyu ni mgeni. Hii ni mambo ya nyumba." Basi Chemutai akaketi kwenye nyasi kando ya ua, nami nikaketi karibu naye. Kabla hatujaachana, alimwambia shangazi kwa sauti ya chini: "Usile kabla ya paa."

Aliujua mtego. Katika upatanisho kama ule, nyama ndiyo muhuri. Mdomo uliokula hauruhusiwi tena kulitaja jambo lile. Shangazi alisimama, akaeleza yote bila kulia, akataja ombi lake moja: vijana waje Kitale, wapande, wapigilie mabati. Hakutaka zaidi. Wekesa alitazama viatu vyake. Mzee akasema, "Tumesikia, binti yetu. Hiyo ya paa tutaongea. Kwanza tule. Yaliyopita si ndwele." Shangazi akasema atakula paa likirudi. Manung'uniko yakazuka. Mmoja akasema, "Si mnaona? Ati sasa anatuwekea masharti!" Mwingine akasema anayekataa nyama ndiye anayetaka vita. Kwa kufumba na kufumbua, aliyevunjiwa nyumba akawa ndiye mkorofi.

Ndipo wakamtumia nyanya. Alikuwa mzee sana, macho yameingia ukungu. Walimwekea kipande cha ini mkononi wakamwongoza hadi kwa binti yake. "Kula, mwanangu," alisema, mafuta yakimdondokea kwenye gauni. "Nataka nikifa tuzikwe mahali pamoja." Shangazi alimtazama Chemutai kwa mbali, kisha akafungua kinywa. Watu walipiga makofi, na mtu akaanzisha wimbo wa kanisa. Wekesa akamkumbatia shangazi kwa nguvu, kama yeye ndiye aliyesamehe. Nyama ikagawiwa watu wote wa ukoo. Mimi pia nilipewa kipande, nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa. Sahani ilipofika uani ilimpita Chemutai kama unavyopita mti.

Wiki zilizofuata shangazi alituma salamu kwao, halafu akamfuata Wekesa mwenyewe sokoni Kitale, nikiwa nimeshika leso yake. "Wekesa, mvua inakuja. Lile paa?" Wekesa akacheka mbele ya rafiki zake. "Auntie, bado uko na hiyo? Si tulikula?" Shangazi akageuka, tukarudi nyumbani. Mvua ilipoanza, tulilala chini ya nailoni, na udongo wa kuta ukaanza kushuka kama uji. Asubuhi shangazi akajifunga leso kiunoni akapanda, Chemutai akashika ngazi, nami nikapitisha misumari niliyoinyoosha. Watu walikusanyika barabarani. "Nafula, shuka! Utaleta laana!" Mdomo wa shangazi ulikuwa umejaa misumari.

Laana haikuja haraka. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa ugonjwa unaoua hata wale ambao hawajawahi kupanda paa. Ukoo ulitimiza ombi la nyanya. Alizikwa Kabuchai, karibu na nyanya, kwa hotuba nzuri. Chemutai alitambulishwa kama "jirani kutoka Kitale" na akaketi nyuma, pamoja na wenye kuhudumia chai.

Siku hizi nasikia redioni watu wakibishana juu ya wanaofanana na shangazi yangu. Wengine wanasema wafungwe. Wengine wanasema wanaowavamia ndio wafungwe. Wengine, wenye sauti laini, wanasema tupatanishwe. Mimi nilikomea darasa la nane, kwa hiyo nasikiliza tu. Lakini aisifuye mvua imemnyea, na sijasikia hata mmoja akiuliza ni nani atakayeshika nyundo. Wekesa sasa ni mzee wa kanisa, na yumo katika kamati ya amani. Ana beji kifuani. Mwaka huu, mawingu yakiwa mazito, alikuja kututembelea. Naishi bado katika nyumba ile na Chemutai, ambaye magoti yamemwisha. Yale mabati yana matundu mawili kila mahali palipopaswa kuwa na moja, la kwanza na la shangazi, na yale ya kwanza huvuja.

Wekesa alikunywa chai, akasifu shamba, kisha akasema kile kilichomleta. "Mama, mimi sina kitu moyoni. Ile mambo ya zamani iliisha. Si tulikula?"

Chemutai alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Mlikula," alisema. "Mimi sikula."

Wekesa akaweka kikombe chini. Nafikiri kwa miaka yote hiyo hakuwa amewahi kulifikiria.

"Ngazi iko nyuma ya nyumba," Chemutai akaendelea. "Misumari anayo huyu mtoto."

Wekesa alitazama juu, akatazama viatu vyake kama alivyofanya siku ile, kisha akasema anasubiriwa kwenye kikao. Mvua ilianza kabla hajafika barabarani. Nikaingia ndani, nikaweka beseni mahali pake.