Gari la Baba na Jeshi la Jumapili

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Eastlands hapa Nairobi, gari la mtu mmoja lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa mtaa mzima. Msinitazame hivyo. Nyinyi mnaojipaka nywele rangi nyeusi mnajua ninachosema. Siku hizi kijana ananunua gari, anafunga vioo vyeusi tii, hata jirani wa mlango wa pili hajui nani yumo ndani. Halafu wanatuambia eti sisi ndio tulioachwa nyuma.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha sabuni Industrial Area, na alikuwa mtu wa akili timamu mpaka siku aliporudi nyumbani na gari la mbio la Kijapani. Milango miwili, pua ndefu, aina ile iliyokuwa ikitamba kwenye mashindano ya magari wakati wa Pasaka. Viti viwili mbele, na nyuma kibenchi cha kumtosha mbwa, kama mbwa mwenyewe ni mvumilivu. Sisi nyumbani tulikuwa watu saba. Tena halikuja likinguruma, lilikuja likivutwa kwa kamba na lori la makaa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalitazama gari, akamtazama Baba, akarudi jikoni. Jioni hiyo tulikula sukuma wiki bila chumvi, na Baba hakuthubutu kuuliza.

Kuanzia hapo kila Jumamosi boneti ilikuwa juu. Tuliacha michezo yetu ya kati na brikicho tukaenda kushika tochi, kupuliza plagi na kugombana nani atakalia tairi. Spea hazikupatikana, basi Baba akajiundia zake. Ekzosi, lile bomba la moshi, ilitengenezwa sokoni Gikomba kwa mikebe ya mafuta ya kupikia. Honi ilitoka kwenye lori la mkate, na ilipopigwa watoto wa mtaa wa pili walitoka mbio na sufuria za chai wakidhani mkate umefika. Rangi ilikuwa ile ile ya kijani ya mlango wetu, kaipaka kwa brashi, na nywele za brashi zikakaukia ubavuni zikabaki hapo. Mama alipoona hawezi kumshinda, akaamua kumsaidia: akavisha viti vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, kama makochi ya sebuleni. Gari la mbio lenye vitambaa! Wajapani wangeliona wangelia.

Ugonjwa wa gari ulikuwa stata, kile cha kuwashia injini. Baba aliitengeneza kila Jumamosi, na kila Jumapili asubuhi ikakataa kazi. Mama ameshakaa mbele, kitambaa kichwani kimenyooka, Biblia mapajani. Baba anatoa mkono dirishani, anapiga mlango makofi mawili, anapaza sauti: "Haya, jeshi!" Hapo mtaa mzima unatoka. Watoto wa Kikuyu, wa Kikamba, wa Kijaluo, wenye viatu na wasio na viatu, tunasukuma huku tunaimba, mpaka lango la kanisa. Sijui ni Jumapili ngapi gari lile lilikwenda kumwabudu Mungu bila injini.

Na langoni alikuwa akitungoja Mama Mueni, jirani yetu, mke wa mchonga vinyago. Mdomo wa yule mama, ewe! Kila Jumapili swali lake lilikuwa lile lile, tena kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni: "Jamani, mmekuja na gari, au gari limekuja na nyinyi?" Watu wanacheka. Mama anashuka ameuma meno. Tukirudi nyumbani anamwambia Baba, "Siku moja, kabla sijafa, nitashuka hapo langoni gari likinguruma, na yule mwanamke ataniona." Na Baba, akifuta grisi kwenye kucha, anajibu, "Jumapili ijayo, Mama Wanjiru." Wanjiru ni mimi. Jumapili ijayo haikuja. Baba alitangulia mbele ya haki, gari likapandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Mama hakuwafukuza, lakini hakumruhusu mtu kuliuza.

Sasa akaja Kevo, mtoto wa ndugu yangu, kizazi cha simu. Akamwomba nyanyake gari. Mama akakubali kwa sharti moja: likipona, limfikishe kanisani likinguruma. Kevo akaapa. Yeye na wenzake wawili wakalipeleka gereji moja mtaani Huruma, na huko nilijifunza kwamba vijana wa leo hawatengenezi gari, wanalipiga picha. Jeki haijagusa chini, picha. Nati imefunguka, picha, na mtu asiyejua plagi ni ya mbele au ya nyuma anaandika chini yake kwamba ni "kazi ya mikono yangu". Wakalishusha mpaka sisimizi akawa hapiti chini bila kuinama. Wakabandika bawa nyuma, sijui likaruke liende wapi. Wakaweka taa za zambarau chini kama baa ya nyama choma. Nikauliza vile vitambaa viko wapi.

"Anti, hizo zilikuwa zinaua luku," akaniambia.

Luku, eti sura ya gari! Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alibonyeza kitufe na injini ikawaka papo hapo, ikatulia, tamu kuisikiliza. Nilimfikiria Baba na Jumamosi zake zote, nikaumia.

Jumapili ikafika. Tulimkunja Mama kama shuka ndipo akaingia. Mimi nikabanwa kwenye kile kibenchi, magoti kidevuni, na marafiki wa Kevo wakafuata na gari lao, simu nje ya dirisha. Tukaondoka tunanguruma. Hakuna aliyetoka nje. Mtoto mmoja alikuwa mlangoni na vidude masikioni, hakuinua hata kichwa. Mwanamke mmoja alifunga dirisha kwa sababu ya kelele. Mama alikuwa akiangalia huku na huku.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Shosh, watu wako kwao. Si uko na gari poa?" Kevo akamjibu nyanyake.

Tukapinda kona ya kanisa. Mama Mueni alikuwa pale langoni, mzee sasa, amekaa kwenye kiti cha plastiki na bakora yake, akitutazama kama wageni. Siku aliyoililia Mama miaka yote ilikuwa imefika, hatua chache tu mbele yake.

"Kevo, zima," Mama akasema.

"Lakini Shosh, gari iko fiti!"

"Nimesema zima. Shukeni wote. Na wale wa simu waje hapa."

Kevo akazima. Akashusha kioo cheusi cha nyanyake, akashuka, akashika usukani kutoka nje. Wenzake wakaweka simu mfukoni kwa shingo upande, na viatu vyao vyeupe vile. Mimi nikasimama nyuma na goti langu bovu. Mkono wa Mama ukatoka dirishani, ukapiga mlango makofi mawili. "Haya, jeshi!"

Nililia hapo hapo, siwafichi. Enzi zile tulikuwa hatuna gari linalowaka lakini tulikuwa na wa kutusukuma. Leo yanawaka yote, na ukikwama njiani unapigia simu mtu usiyemjua. Tulisukuma. Vijana walihema kama wazee, na mlinzi wa kanisa akaacha lango akaja kusaidia. Mama Mueni akasimama kwa bakora, macho yakamtoka, akaanza kucheka.

"Jamani! Mmekuja na gari, au gari limekuja na nyinyi?"

Mama hakuuma meno. Aliweka mkono wake juu ya kiti cha dereva, pale palipokuwa patupu, akakipapasa.

"Tumekuja sote," akasema.