Kamba ya Kaluki na Kengele ya Transfoma

Mutunga alipokufa, mkewe Kaluki aliachiwa chumba kimoja kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi, katika shamba la mkonge huko chini ya Kasikeu. Karani Nzioka alimwambia wazi: kazi ikiisha, chumba kimeisha. Na Kaluki hangeweza kurudi nyumbani kwa kina Mutunga, shemeji zake walishagawana shamba la marehemu. Basi akashika ufagio.

Alifagia ndani ya ua wa waya, pale ilipokaa transfoma, sanduku la chuma lililojaa mafuta na nyaya, lililogawia mashine za kiwanda umeme. Wanawake walipita mbali nalo. Walisema linanguruma kama mtu mwenye manung'uniko. Kaluki akalizoea. Siku nyingine hiyo ndiyo sauti pekee aliyokaa nayo mpaka jua linatua.

Mwezi wa nane, 1955, transfoma iliongezwa mafuta. Haikupita muda, kengele ndogo ya hatari iliyokuwa juu yake ikaanza kulia. Nzioka akafungua koki ya kutolea hewa, kitu kikatoka fyuu, kengele ikanyamaza.

“Ni hewa tu, mwaitu, mama yangu. Iliingia na mafuta. Itakwisha.”

Kaluki hakujua kuandika tarehe. Alichukua kamba ya mkonge, kila asubuhi akafunga fundo moja, na siku ya kengele akafunga kitambaa chekundu. Kati ya kitambaa na kitambaa kwanza yalikuwa mafundo tisa. Halafu sita. Halafu matatu.

“Hewa inayokwisha haikimbii hivi,” alimwambia Nzioka.

“Umekuwa injinia sasa? Simamisha kiwanda bure, halafu utafute pa kulala.”

Alikaa na neno hilo siku mbili, hana wa kumwuliza. Siku ya tatu akaja fundi Rashid, mtu wa Mombasa, kutengeneza mota ya pampu. Kaluki akamtia kamba mkononi, Nzioka akiwa palepale.

“Hii ni nini, mama?”

“Ni siku za kengele. Hesabu mwenyewe.”

Rashid alihesabu kwa kidole. Hakucheka. Kengele ilipolia tena, alifungua koki kidogo tu, akawasha kibiriti, akakisogeza.

“Ingekuwa hewa, haingewaka,” alisema.

Iliwaka, ulimi mwembamba wa buluu.

“Nyaya zinaungua ndani. Karatasi iliyozifunika imekwisha, zinagusana, na mafuta yanatoa gesi. Zimeni.”

Ilipofunguliwa, waya za shaba zilikuwa zimeshikana, nyeusi kama makaa. Nzioka alizitazama, kisha akasema bila kumwangalia Kaluki, “Chumba ni chako.”

Transfoma ikapakiwa kwenye treni kwenda Nairobi kusukwa nyaya upya. Miezi minne, walisema. Kiwanda kikafungwa, na wafanyakazi wakaambiwa warudi kwao, hawa Mutomo, wale Kyuso. Mbinya wa mlango wa pili, aliyekuja kwa Kaluki kuomba moto kila asubuhi, alipita na sufuria kichwani na mtoto mgongoni.

“Umeshinda, Kaluki. Sasa kaa na chumba chako.”

“Nitakaa.”

Akasimama mlangoni mpaka wa mwisho alipopotea kwenye mkonge. Kesho yake akafungua ua wa waya, akafagia ile saruji tupu ilipokaa transfoma, pande zote nne, polepole, maana hakuna aliyekuwa akimngoja.