Mtenda Asiyetajwa

Wasomaji wangu, mwalimu aliyenifundisha Kiingereza amefariki dunia huko Mabamba, Kibondo, na wamemzika Jumamosi bila mimi. Mpwa wake ndiye aliyenipigia simu. Nilimpa pole kwa maneno mengi, maana maneno ndiyo kazi yangu, kisha nikavuta mtoto wa meza na kuitazama barua ya marehemu iliyokaa humo tangu masika bila kujibiwa. Nitaifikia. Kwanza niwajulishe aliyeiandika.

Miaka ya sabini alitufundisha katika shule moja ya msingi kule Kasulu. Alikuwa Muha hasa, na kila L ya Kiingereza aliigeuza R bila kuiomba radhi. Alichopenda kuliko vyote ni sentensi za amri. "Sentensi hii mtenda wake hatajwi," alituambia, "ila yumo ndani. Ni nani?" Darasa zima likajibu, "Ni wewe, mwalimu!" Akashika kichwa. "Siyo miye! Ni weye unayeambiwa!" Nadhani alikuwa na haraka ya kutuelewesha, kwa sababu zile zilikuwa zama za amri: hama, lima, changa. Wazazi wetu waliamriwa kuhamia vijiji vipya, na akija mgeni wa serikali walitakiwa pia kushangaa jinsi vilivyopendeza. Sisi wanafunzi tulipangwa juani kuimba. Mwalimu alipita nyuma ya mistari akitunong'oneza tafsiri: "What a beautiful virrage!" Kisha akaongeza kwa uso mkavu, "Mkiiandika msisahau alama ya mshangao. Bila hiyo watadhani tunauliza."

Siku moja akaja mkaguzi wa shule, Mwislamu mstaarabu kutoka pwani. Mwalimu hakuwa na cheti cha Kiingereza, na hata sisi tulijua kwamba ripoti mbaya ingemwondoa darasani na kumpeleka kusimamia shamba la shule. Akaanza vizuri. "Stand up!" Tukasimama. "Sit down!" Tukakaa. Halafu akataka kututoa mbio uwanjani tucheze, ili mkaguzi aone amri inavyofanya kazi, akapaza sauti: "Pray!"

Neno hilo tulilijua kutoka kwa padre. Watoto arobaini tukafumba macho. Mkaguzi alishtuka, akaweka kalamu chini, naye akainua viganja vyake. Kimya kikawa kirefu, kwa kuwa hatukuwahi kufundishwa amri ya kumaliza. Nilichungulia nikaona midomo ya mwalimu inatetemeka, nikamhurumia, nikasema kwa sauti, "Amina." Mkaguzi akajipangusa uso, akaandika kwamba nidhamu ya darasa ni ya hali ya juu. Mwalimu akabaki nasi. Wakati wa kutoka aliniita pembeni. "Weye, nani alikuamuru?" "Hakuna, mwalimu." Akacheka mpaka akafuta machozi. "Basi hiyo ndiyo nzuri."

Barua yake ilikuwa na sentensi moja tu ya Kiingereza: "Come and see me." Mimi ambaye siku hizi natamka L bila shida, na ninalisha familia kwa ufasaha huo, niliisoma kama msahihishaji wa mitihani. Niliona hakuna "please". Niliona hakuna alama ya mshangao, nikatabasamu, nikajiambia kwamba basi hakuna haraka. Mpwa wake anasema mzee alikuwa akiuliza kila wiki kama nimejibu, na kwamba hakuumwa ghafla; aliumwa miezi mitano. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika. Mtoto yule aliyesema amina bila kuamriwa alikuja kuwa mtu mzima anayeamriwa kwa maandishi na haendi.

Sentensi ile haikuwa na kosa. Mtenda wake hakutajwa, na ni mwalimu mwenyewe aliyenifundisha jinsi ya kumjua. Kama nanyi mna barua ya namna hiyo ndani ya meza, nendeni. Hiyo ni amri, na mwisho wake nimeweka nukta tu.